Nilivyomsahihisha Mjomba Dunstani

Mwezi uliopita nilipewa cheti cha kuhudhuria warsha ya kubuni muziki papo kwa papo. Ilifanyika Dar es Salaam, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, na ratiba yake ilikuwa imepangwa vizuri: saa nne chai, saa nne na nusu kubuni bila kutarajia, saa sita maswali. Mimi nilialikwa kama mwandishi, maana yake mtu asiyepiga chombo chochote lakini ana maoni. Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye tarumbeta linalong'aa na kompyuta iliyojaa vishale. Alitueleza kwamba kupiga jazi ni kuchagua kati ya njia nyingi kwa wakati mmoja. Nikaliandika hilo kwenye daftari, kwa sababu nimesoma chuo kikuu na siwezi kujizuia kuandika mtu akiongea mbele ya ukuta mweupe.

Kisha kijana akasita, akafungua kile kitundu cha chini ya tarumbeta na kumwaga mate sakafuni. Akaomba radhi. Harufu ikanifikia safu ya tatu: shaba iliyopata joto la mkono, na mate ya mtu aliyepuliza muda mrefu. Si harufu ya kuwekwa kwenye chupa. Lakini tangu hapo sikuona tena vishale vyake. Nilikuwa nyumbani Lisekese, karibu na Masasi, baraza ya nyuma, nina miaka kumi na moja, nimeshika kalamu nyekundu, nampa mjomba wangu nne juu ya kumi.

Inabidi nieleze kwanza tulivyouelewa muziki nyumbani kwetu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya, kazi mbili alizozifanya kwa chaki ileile. Babu yake alibatizwa na wamisionari, akafundishwa kusoma Biblia na kusoma nota kwa mkupuo mmoja, na nadhani katika ukoo wetu vitu hivyo viwili havijawahi kutenganishwa vizuri. Nota zetu hazikuwa zile za mistari mitano na vichwa vyeusi. Zilikuwa herufi za solfa, do re mi, zimepangwa kwa nukta na vistari. Baba aliziandika ubaoni, nasi tukaziimba kabla hatujaruhusiwa kugusa maneno. Wenzangu wa rika langu mliokulia kwenye makanisa ya kusini mnaijua adhabu hiyo: unaimba "so so la so" wiki mbili nzima ndipo unaambiwa kwamba kumbe ulikuwa unamsifu Mungu.

Baba alikuwa na kanuni moja kuhusu jambo hili. Kinachoandikika ni muziki, kisichoandikika ni kelele. Aliitumia kwa kwaya, kwa redio ya jirani, na mara moja kwa mtoto mchanga wa katekista. Mimi niliimeza kanuni hiyo nzima nzima. Niliamini kwamba kila sauti tamu duniani ina karatasi yake mahali fulani, na kwamba wale wapiga muziki wa redioni, ambao hatukuwaona, walikuwa wameshikiwa karatasi na mtu aliyesimama mbele yao, mwenye suti.

Ndipo akaja Mjomba Dunstani. Alishuka kwenye lori akiwa amevaa suruali pana miguuni, ya mtindo ambao hata Masasi ulikuwa umeshapitwa na wakati, na tarumbeta amelifunga kwa kitenge kama mtoto mwenye homa. Alikuwa kaka yake mama, mzaliwa wa Mnyambe, kijiji cha uwanda mkavu wa Newala, aliyepotelea mjini miaka mingi akipiga katika bendi ya jazi ambayo jina lake silitaji, kwa sababu wazee wawili waliobaki bado wanaligombania. Bendi ilikuwa imevunjika. Shamba lake la Mnyambe wadogo zake walikuwa wameshaligawana wakiamini amekufa, na waliposikia yu hai hawakuona sababu ya kuhamisha mipaka. Kwa hiyo alikuja kwa dada yake.

Hapo palikuwa na utata. Kwa desturi ya upande wa mama, mjomba si mgeni. Watoto ni wa mjomba, na baba ni mtu wa kushukuriwa kwa kuwalea. Lakini nyumba ilikuwa ya baba. Matokeo yake wanaume wale wawili waliishi kwa adabu ya kutisha. Mezani kila mmoja alimsogezea mwenzake kipande kikubwa cha samaki, na kipande kilisafiri kati yao mpaka kikapoa, mama akakichukua akakila mwenyewe.

Kanisa letu lilikuwa na matarumbeta matano ya zamani na halikuwa na mtu wa kuyafundisha. Mwalimu wa matarumbeta alitengewa nyumba ndogo nyuma ya kanisa, ya vyumba viwili na jiko, na nyumba hiyo ilikuwa tupu. Baba alikwenda kwenye kamati ya kanisa kumwombea shemeji yake. Kamati, ambayo ilisikia neno "bendi" na kunusa pombe kutoka mbali, ilikubali kumjaribu tu, mpaka sikukuu ya kipaimara ambayo mwaka ule ingefanyika Newala. Akipiga kwa heshima mbele ya Askofu, apewe kazi na nyumba. Asipoweza, basi. Nilimsikia baba akimweleza mama hilo "basi" kwa sauti ya chini: chumba alicholala Mjomba kilikuwa cha magunia, korosho zilikuwa karibu kuvunwa, na mtu mzima hawezi kulala juu ya mavuno ya watu. Mama hakuwa na pengine pa kumpeleka kaka yake, na Mjomba hakuwa na pengine pa kwenda.

Nilitaka abaki kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote. Katika yale matarumbeta matano lilikuwamo dogo lililobonyea kama sufuria ya jeshi, ambalo hakuna mwanamume aliyetaka kuonekana nalo. Mjomba alilisugua kwa majivu na ndimu, akanipa. Katekista akauliza kama mashavu ya mtoto wa kike hayataharibika. Mjomba akamjibu kwamba mashavu ni ya mpwa wake, na mpwa ni wake, na yakiharibika atayajibia yeye.

Kila jioni, baada ya mazoezi ya kanisa, alikaa barazani na kupiga solo aliyokuwa akiipiga kwenye bendi yake. Ilianza kama mtu anayevua viatu. Ikapanda, ikazunguka, ikakaa mahali pamoja ikifikiri, kisha ikashuka mbio. Nilimtazama kwa makini na nikagundua jambo la kuhuzunisha: Mjomba hakuwa na karatasi.

Nikapekua sanduku lake. Nilikuta shati jeupe lenye marinda kifuani, tai ya kipepeo, chupa tupu ya mafuta ya nywele, na picha ya wanaume saba waliovaa suruali zilezile pana. Karatasi hakuna. Kila kitu kikawa wazi. Alikuwa amezipoteza nota zake, anapiga kwa kukumbukakumbuka, na bila shaka ndiyo sababu bendi ilivunjika. Sasa angekwenda Newala kusahau mbele ya Askofu.

Nikaamua kumwokoa. Nilichukua daftari, lile letu lenye jedwali la kuzidisha nyuma, nikajificha nyuma ya magunia matupu karibu na dirisha, nikaiandika solo yake yote kwa solfa. Sikio nilikuwa nalo, hilo baba alikuwa amehakikisha. Kesho yake nikalinganisha. Mjomba alikosea mahali pengi sana. Alipanda mapema, akasahau kuzunguka, na mwisho wake haukuwa mwisho wenyewe. Nikaazima kalamu nyekundu ya baba bila kumwambia, nikampa saba juu ya kumi. Siku iliyofuata alipata tano. Ijumaa alipata nne, na nikaandika pembeni kama nilivyozoea kuandikiwa mimi: "Ongeza bidii. Unaharakisha kwenye so."

Jumamosi sikuweza kuvumilia tena. Nilimpelekea daftari. Mjomba alilifungua, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, polepole, kama anasoma barua ya serikali. Hakucheka. Mpaka leo namshangaa kwa hilo. Alinyoosha kidole kwenye msalaba mwekundu, akauliza hapo alikosa nini. Nikamweleza kwamba juzi alifika la, na jana aliishia so. Akauliza kesho afanyeje. Nikamwambia afanye kama juzi. Basi akachukua tarumbeta, akafumba macho, akajaribu kwa moyo wote kupiga kama juzi. Ikatoka kitu kingine kabisa, kizuri kuliko vyote, na nikampa tatu.

Kisha nikalia. Nilimwambia kwamba watamfukuza, kwamba magunia yanakuja, kwamba mimi nimemwandikia yote na kazi yake ni kusoma tu. Mjomba akapangusa mdomo wa tarumbeta kwa shati lake kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali ambalo halikuhusiana na chochote.

"Leo asubuhi ulimsalimia Bibi Tabitha?"

Bibi Tabitha alikuwa jirani yetu, mjane, uzio wake ukigusana na wetu.

"Nilimsalimia."

"Akasemaje?"

"Alisema marahaba, nzuri kidogo, ila kuku mmoja haonekani, na mgongo unamsumbua, na mama hajarudisha ungo wake."

"Nawe ukasema?"

"Nikasema pole."

"Pole ya kuku, ya mgongo au ya ungo?"

"Ya vyote. Halafu nikamuuliza kuku ni yupi."

"Nani alikuandikia umuulize kuku ni yupi?"

Nilijaribu hata kukumbuka kama baba aliwahi kuiandika ubaoni. Mjomba akaniambia niende tena kwa Bibi Tabitha, nimsalimie, nisikilize anavyosema, siyo anachosema, kisha nirudi na habari zake ndani ya tarumbeta. Nilikwenda na daftari. Akanirudisha: Bibi hakukupa karatasi, alisema, kwa nini wewe uende na karatasi?

Hiyo ikawa kazi yangu ya wiki nzima. Nikisalimia, nasikiliza, narudi, napiga. Bibi Tabitha alianzia juu, akateremka ngazi mbili akikohoa, akatulia kabla ya kumtaja mtu. Nikimaliza kupiga sauti yake, Mjomba ananijibu kwa tarumbeta lake kama mtu anayesema pole, au ehee, au hebu rudia hapo. Siku ya nne kichwa cha Bibi Tabitha kikatokea juu ya uzio.

"Wewe Hilda, huyo kuku ameshapatikana. Acha kunitangaza."

Lazima nikiri nilichoelewa mimi wakati ule. Nilihitimisha kwamba jazi ni umbea. Umbea unaopigwa kwa shaba ili mtu asiweze kukushitaki. Nilifurahi mno, maana kipaji cha umbea nilikuwa nacho, na sikujua kama kuna mahali unafundishwa rasmi.

Mambo yakaharibika kwenye mazoezi ya Jumapili. Katikati ya wimbo wa maandamano, ambao baba mwenyewe alikuwa ameupanga kwa matarumbeta, ilinitoka habari ya katekista na mkewe waliyosemezana asubuhi ile nyuma ya sakristia. Katekista alikuwepo. Baba akashusha fimbo yake ya kuongozea. Hakunigombeza. Alimgeukia Mjomba, akamwambia kwa ile adabu yao kwamba yeye hana neno na mambo ya barazani, lakini Newala kitapigwa kilichoandikwa. Kamati nzima itakuwepo. Nyumba ile imesimama juu ya siku moja.

"Nitapiga kilichoandikwa, Shemeji," alisema Mjomba. "Nimekupa neno."

Tulipanda Newala kwa lori, tarumbeta mapajani, tukiimba mpaka mlima ulipotukata pumzi. Mji wenyewe umekaa ukingoni mwa uwanda. Unasimama hapo kwenye upepo wa baridi unaona bonde la Ruvuma lote chini yako, na mto wenyewe unang'aa, maji ya kutosha nchi mbili, na nyuma yako kuna mama ana kiu. Tuliotoka Masasi tulijua, tulibeba maji yetu kwenye madumu. Wenyeji walikuwa wamemaliza wiki nyingi bila tone bombani, na wanunuzi wa maji ya mapipa walikuwa wamechoka kununua.

Maandamano yalianza vizuri. Askofu alisimama kwenye mlango wa sakristia na mavazi yake yote, watoto wa kipaimara wamepangwa wawili wawili, wazazi na wasimamizi wao nyuma, kamati benchi la mbele. Baba akainua fimbo, mpiga ngoma kubwa akaanzisha. Wimbo ulikuwa na beti sita. Tulikuwa ubeti wa pili pale mtoto alipopita dirishani akikimbia, akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anajisemea, kwamba maji yametoka.

Sijawahi kuona kanisa likimwagika vile. Wasimamizi walitangulia, kisha wazazi, kisha sauti ya kwanza yote ya kwaya, kisha ya pili. Kila mwenyeji alikuwa na ndoo karibu, na wasiokuwa nazo waliazima. Mama yangu, mtu wa Mnyambe, aliyejua thamani ya jambo lile kuliko dini yoyote, alimtazama baba, akanitazama mimi, akavua viatu, akaondoka na dumu letu lililokwisha maji na ndoo ya kuazima. Katekista alitoka kwenda kuwarudisha watu. Baadaye alionekana kwenye foleni, amemshikia mtu nafasi.

Askofu hakukasirika. Alimnong'oneza baba kwamba hawezi kuwawekea mikono watoto huku wazazi wao wako bombani, tupige tu mpaka warudi. Baba akatugeukia, akasema, "Tangu mwanzo."

Tukapiga beti sita. Tukapiga tena beti sita. Kamati ilikuwa imebaki benchini, maana wazee wale walikuwa na wake wa kuwachotea, na walitutazama bila kupepesa macho. Mjomba alipiga kilichoandikwa. Alisimama wima, macho kwenye karatasi aliyokwisha kuikariri, jasho linamshuka, na kila nota ilitoka mahali pake kama mtoto wa shule. Nilimwonea fahari, na nilimwonea huruma, sikujua ipi ni ipi. Mara ya tano midomo yangu ilikuwa imekufa ganzi. Mara ya saba niliacha kuhesabu.

Sasa, katika mpangilio wa baba palikuwa na mahali, mwisho wa mstari wa tatu, ambapo wote wananyamaza na tarumbeta dogo linasema peke yake: mi, re, do. Palikuwa pangu. Mwanzoni nilipasubiri kwa hamu. Kufikia wakati ule nilikuwa napaogopa, maana kila nikifika hapo kanisa linakuwa kimya na kutoka nje inaingia sauti ya foleni: ndoo zikigongana, mabati, wanawake wakisemezana. Na safari ile iliyoingia ilikuwa ya mama yangu. Aliuliza nani kaisogeza ndoo yake. Alianzia juu, akashuka kwenye "ndoo", akapanda tena mwishoni na kupaacha wazi, kama anavyofanya mpaka leo.

Nilikusudia mi, re, do. Kilichotoka kilikuwa: nani kaisogeza ndoo yangu?

Fimbo ya baba ilitikisika lakini haikusimama. Wote wakaendelea na mstari wa nne. Ubeti uliofuata nilijiambia mi re do, mi re do, nilijiambia kama sala, na nilipofika pale tarumbeta likauliza tena, safari hii kwa ukali zaidi, maana na huko nje mama alikuwa hajajibiwa. Mjomba hakugeuka. Alipiga kilichoandikwa. Ubeti wa tatu niliuliza mara ya tatu, na swali likabaki limening'inia kanisani. Jamani, sisi ni watu tuliolelewa kwa kusalimiana. Mtu akikuambia neno nawe ukanyamaza, hata kama ni mwendawazimu, unajisikia umemvua nguo. Nilikuwa nimesimama mbele ya Askofu nikiwa nimevuliwa nguo, na mtu pekee aliyejua jibu alikuwa amefungwa na neno lake.

Mjomba akashusha tarumbeta. Akamwinamia baba, na kwa sababu ya kile kimya cha mwisho wa mstari wa tatu, kila mtu alisikia.

"Shemeji, mtoto anauliza. Nimjibu?"

Baba alimtazama Askofu. Askofu alikuwa anachunguza pete yake. Akaitazama kamati. Kisha akanitazama mimi kwa muda ambao mpiga ngoma aliujaza kwa kurudia pigo lilelile, hana la kufanya.

"Mjibu," alisema baba. "Lakini kwa kifupi."

Haikuwa kwa kifupi. Mjomba alijibu kama mwanamke anayesingiziwa: alikana, akaapa, akataja mashahidi, akakumbusha kwamba yeye alikuwepo tangu alfajiri. Nikamuuliza ndoo ipi, ya bati au ya plastiki. Akasema zote mbili anazijua. Nikamwambia aache uongo. Hatukuwa na daftari, hatukuwa na mi wala re, na bado kila nilichosema kiliitikiwa na kila alichosema kilitaka jibu, na ngoma kubwa ikaanza kutua chini kama madumu yaliyojaa. Ule wimbo wa baba ulikuwa chini ya yote hayo, sikuupoteza hata kidogo, kama vile mtu asivyopoteza njia ya nyumbani akiwa anaongea.

Huko nje ugomvi ulisimama. Mtu akacheka, kisha kicheko kikakimbia mstari mzima. Wakaanza kurudi. Waliingia kwa mstari wa foleni uleule, ndoo kichwani, maji yakiwachirizikia mabegani kwenye nguo za sikukuu, na walipofika ndani hawakuacha kutembea kwa mapigo yetu. Waliopanga ndoo ukutani walizipanga kwa zamu. Mama alinipita karibu.

"Umenisema mpaka kanisani," alinong'ona, na dumu lake lilikuwa limejaa.

Askofu aliingia nyuma ya ndoo ya mwisho. Watoto walipata kipaimara.

Baada ya ibada mwenyekiti wa kamati, mzee aliyehifadhi kila karatasi ya kanisa kwenye kabati lenye kufuli, alimfuata baba chini ya mnara wa kengele. Mimi na Mjomba tulisimama pembeni. Mzee hakusema kwamba tulipiga vibaya. Alisema yeye anao wimbo ule kabatini, una beti sita. Alitaka kujua ule wa saba umeandikwa wapi, maana kama umeandikwa, ni wa kanisa, na mwalimu amefanya kazi yake. Kama haujaandikwa, basi kilichopigwa mbele ya Askofu ni mambo ya bendi, na kamati itajua la kufanya. Baba, mtu ambaye hakuwahi kusema uongo hata kwa mkaguzi wa shule, alikohoa.

"Karatasi mtaipata Jumatano," alisema.

Nayo waliipata. Mwenyekiti aliisoma nota kwa nota akiimba puani, akaigonga muhuri, akaifungia kabatini. Mjomba Dunstani akapewa ufunguo wa nyumba ya nyuma ya kanisa, akaishi humo miaka kumi na tisa, na kila mwanafunzi wake alitumwa kwanza kumsalimia mtu. Hayo yanajulikana Lisekese. Kisichojulikana ni mchana wa Jumatatu.

Nilirudi kutoka shule nikakuta baba ameniwekea meza barazani, karatasi safi na penseli iliyochongwa. Nikaketi. Niliweza kuandika solfa ya chochote nilichosikia. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yangu. Nikaandika ile sentensi ya mama, nikaandika nusu ya jibu la Mjomba, na hapo pakawa giza. Nilikumbuka ndoo, nilikumbuka jasho lake, nilikumbuka kicheko. Nota hazikuwepo. Nikamwita Mjomba anisaidie. Alikuwa mlangoni akimenya muhogo. Alisema kwa masikitiko ya kweli kwamba yeye hakumbuki, na kwamba kama angekuwa mtu wa kukumbuka angekuwa bado ana shamba Mnyambe.

Jua lilikuwa linahama. Magunia ya kwanza ya korosho yalikuwa yameshafika, yameegemezwa nje ya chumba chake. Ndipo baba akatoka ndani. Alisimama nyuma yangu, akasoma nilichoandika, akaona kilipokatikia. Akafumba macho.

Alianza kuimba. Kwa solfa, bila shaka, hakujua njia nyingine. Aliimba jibu la Mjomba, akaimba swali langu la pili, mimi nafuata na penseli, na mwanzoni nilishukuru tu kwamba kuna mtu mmoja katika familia mwenye kumbukumbu. Kisha akapanda mahali ambapo nina hakika hatukupanda. Akakaa huko juu, akayumba kidogo kwa mabega, akateremka kwa ngazi zisizo zetu. Nikaandika. Akasema hapana, subiri, ilikuwa hivi, akaimba tena, na safari hii alipita njia nyingine na kuongeza mkia. Mjomba aliacha kumenya muhogo. Baba akaimba mara ya tatu, na mara ya tatu ilikuwa ndefu.

Niliweka penseli chini. Nilimwambia kwa heshima zote, maana alikuwa baba yangu na mwalimu wangu, kwamba mara ya kwanza hakuimba hivyo.

Hakufumbua macho.

"Najua," alisema. "Andika na hii."